Huo si utani, mwanangu

Aprili Mosi mwaka huu kijana mmoja wa mtaani kwetu, Temeke, alimpigia shangazi yake simu asubuhi: "Shangazi, Juma kagongwa na bodaboda, tuko hospitali." Mama wa watu akatoka mbio na kanga aliyolalia, peku, mpaka kituo cha daladala. Simu ya pili ikaja na kicheko: "Siku ya wajinga leo, shangazi! Utani tu." Jioni waliletwa kwangu, maana mimi ndiye ninayefundisha mila hapa, na kijana akalirudia neno lile. Nimelisikia mara nyingi mno likitumiwa hivyo, na safari hii sinyamazi.

Utani wa nani na nani? Shangazi kwa wengi wetu ni baba wa kike. Hataniwi, kama mkwe asivyotaniwa. Bibi unamtania, babu unamwita mume, binamu unaficha viatu vyake. Mizaha mingine, kama ile ya BBC ya mwaka 1957 iliyoonyesha familia ya Uswisi ikivuna tambi mtini, sina ugomvi nayo. Ni uongo mtamu, na hakuna aliyekimbia peku kwa ajili yake. Ila ule nao si utani.

Mimi Mnyamwezi, watani wangu Wazaramo. Sikuwachagua, nimewarithi. Mwaka juzi tulifiwa na mzee wa Kizaramo, Tandika. Siku ya maziko nikavaa koti lake na kofia yake, nikashika mkongojo, nikapita kati ya waombolezaji nikikohoa alivyokuwa akikohoa, nikiwadai wajukuu hela ya kahawa. Mjane alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Akanitazama, akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akalia vizuri, akaomba uji. Wenzangu wakati huo walikuwa wamekalia majembe: hakuna kaburi mpaka wafiwa watoe chochote. Wakatoa elfu kumi. Na ni wenzangu haohao waliochimba, na sisi wanawake tukapika na kusugua masufuria hadi usiku.

Hapo ndipo watu wanaponikera. Wanaona koti na kofia, masufuria hawayaoni. Mtani ana ruhusa ya kukutukana kwa sababu ana wajibu wa kukuzika, na kesho wewe utamtukana na kumzika yeye. Hakasiriki mtu, maana deni linakwenda pande zote mbili. Yule kijana alijibebea ruhusa tu, wajibu kauacha.

Vitabu husema utani wa makabila ulitokana na vita: mlipigana, mkapatana, mkabaki mnatukanana kwa amani. Kwa Wangoni na Wahehe naafiki, maana walipigana kweli karne ya 19. Kwetu sisi hoja hiyo hainiingii sawasawa. Wanyamwezi walikuwa wapagazi, wakibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, wakipita Uzaramoni miezi mingi mbali na kwao. Mpagazi akifia njiani, nani amzike? Nadhani utani wetu ulianzia kwenye swali hilo, ingawa kuna wenzangu ninaowaheshimu tunaobishana nao hadi leo.

Hata Simba na Yanga wanajua. Yanga ya 1935, Simba ya 1936, wote watoto wa Kariakoo, na wakaitwa watani wa jadi. Jirani yangu wa Yanga hupitisha jeneza jekundu mlangoni kwangu Simba ikifungwa. Mume wangu alipolazwa, yeye ndiye aliyelala naye wodini siku tatu.

Kijana nilimwambia aombe radhi kwa kupiga magoti, akapiga. Juma aliporudi kazini saa moja usiku alimkuta mama yake yuko kibarazani na kanga ileile, mama akamgusa mikono yote miwili, kisha miguu, ndipo akamruhusu aingie ndani.