Kfar Etzion: kijiji chenye miaka minne ya kuzaliwa

Kila ninapofundisha historia ya makazi ya walowezi wa Kiisraeli katika Ukingo wa Magharibi, huanza na Kfar Etzion, kijiji kidogo cha milimani kati ya Bethlehemu na Hebroni, kwa sababu swali jepesi la mwaka wa kuanzishwa kwake lina majibu manne.

Mwaka 1927 Wayahudi wenye asili ya Yemen na wacha Mungu wa Yerusalemu walijenga hapo kijiji cha Migdal Eder. Ghasia za 1929 ziliwaondoa, na waliowanusuru ni majirani zao Waarabu wa Beit Umar, jambo ambalo nisingependa lisahauliwe. Miaka ya 1930 mkulima wa michungwa, Shmuel Holtzmann, alinunua ardhi. Jina lake lina neno la Kijerumani lenye maana ya mbao, ambayo kwa Kiebrania ni “etz”, na ndiko lilikotoka jina Etzion. Uasi wa Waarabu wa 1936 ulimaliza jaribio hilo pia.

Walioota mizizi ni vijana wa kibutsi (kijiji cha ushirika) ya kidini, wengi wao kutoka Poland, waliofika mwaka 1943. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa Novemba 1947 wa kuigawa Palestina ulikiweka kijiji ndani ya dola ya Kiarabu iliyokusudiwa. Mwanzoni mwa 1948 kina mama na watoto walihamishiwa Yerusalemu. Tarehe 13 Mei, siku moja kabla ya Israeli kutangazwa, kijiji kilitekwa na jeshi la Jordan pamoja na wapiganaji wa vijiji jirani, na watu zaidi ya 120 wakauawa, baadhi yao baada ya kujisalimisha.

Baada ya vita vya Juni 1967, ambamo Israeli iliuteka Ukingo wa Magharibi, watoto wale waliohamishwa, sasa watu wazima, wakiwa na Hanan Porat mbele yao, walimwomba Waziri Mkuu Levi Eshkol warudi. Tarehe 18 Septemba mshauri wa sheria wa Wizara ya Mambo ya Nje, Theodor Meron, aliandika waraka wa siri kwamba kupeleka raia kuishi katika maeneo yaliyotekwa kunakiuka Mkataba wa Nne wa Geneva, unaolinda raia wakati wa vita. (Ndiye huyo aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za Mahakama ya Rwanda mjini Arusha.) Kabla mwezi haujaisha, vijana walikuwa wameshapanda mlimani, na serikali ikakiita kijiji kituo cha kijeshi cha Nahal, kikosi cha jeshi kilichochanganya uaskari na kilimo, ingawa walioingia walikuwa raia. Hivyo yakazaliwa makazi ya kwanza ya walowezi katika Ukingo wa Magharibi.

Watetezi wake husema huku kulikuwa kurudi nyumbani, na kwa watoto wale sioni sababu ya kutilia shaka hisia hiyo. Ila hoja ya kurudi ina upande wa pili: Mpalestina aliyekimbia Jaffa mwaka 1948 haruhusiwi kuitumia, kwani Sheria ya Mali ya Wasiokuwepo ya 1950 iliiweka nyumba yake mikononi mwa msimamizi wa serikali ya Israeli.