Maziwa ya kwanza ya mama si machafu

Ujumbe huu haukomi kuzunguka kwenye magrupu ya kina mama, kuanzia Kayole hadi Kawangware: eti maziwa ya njano ya siku za kwanza yamelala titini miezi tisa, yakamuliwe yamwagwe, mtoto apewe maji ya glukosi kwanza. Si kweli.

Maziwa hayo, dang'a, yana kingamwili nyingi, yaani protini za kumkinga mtoto na magonjwa, na unjano wake ni karotini, ileile ya kwenye karoti. Ni machache kwa sababu tumbo la mtoto mchanga ni dogo mno. Siku ya kwanza, kijiko kimoja cha chai kila anaponyonya kinamtosha. Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 4. Hapo katikati ndipo watu huchanganyikiwa: mtoto analia, matiti bado laini, na shangazi ameshachemsha maji.

Ukitaka uhakika, hesabu nepi zilizolowa: angalau 1 siku ya kwanza, 2 ya pili, na kufikia siku ya 6 ziwe 6 au zaidi. Zikipungua, mpeleke kliniki na kijitabu chake. Nesi atampima uzito na kutazama anavyonyonya. Na ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.