Je, wajua? Mawe madogo ndiyo yaliyofichua siri ya picha ya vita ya 1855

Picha yenyewe haina mtu hata mmoja. Ni barabara ya vumbi inayopita kwenye bonde kavu lisilo na mti, na juu ya barabara hiyo matufe ya chuma ya mizinga yametapakaa kama maembe yaliyoangushwa na upepo. Aliyeipiga ni Mwingereza Roger Fenton, tarehe 23 Aprili 1855, nje ya mji wa Sevastopol katika rasi ya Crimea. Wakati huo majeshi ya Uingereza, Ufaransa na Uturuki yalikuwa yameuzingira mji huo, na Warusi waliokuwa ndani walikuwa wakiwajibu kwa mizinga. Askari wa Kiingereza walipachika mahali hapo jina kutoka Zaburi ya 23: Bonde la Uvuli wa Mauti. (Si lile bonde ambamo wapanda farasi wao waliangamia Oktoba 1854, ingawa watu huyachanganya hadi leo.)

Ni miongoni mwa picha za vita za mwanzo kabisa kupata umaarufu. Tatizo ni kwamba ina pacha wake.

Katika picha ya pili kamera imesimama palepale, vilima ni vilevile na mwinuko ni uleule. Lakini barabara ni nyeupe, haina kitu. Matufe yamelala kando, kwenye mtaro. Kwa hiyo ipi ilipigwa kwanza? Kama matufe yalikuwa barabarani tangu mwanzo, basi kuna mtu aliyeyaondoa, labda askari waliokuwa wakiyaokota ili wayarudishe kwa adui kupitia mizinga yao wenyewe. Kama barabara ilikuwa tupu kwanza, basi kuna mtu aliyeyabeba na kuyapanga ili picha inoge.

Kabla ya kumhukumu Fenton, tutazame kazi ilivyokuwa. Alifika Crimea Machi 1855 akiwa ametumwa na kampuni ya Thomas Agnew ya Manchester, iliyotaka picha za kuuza. Alikuja na kamera 5, vioo 700 na gari la farasi alilolinunua kwa mfanyabiashara wa mvinyo, akaligeuza kuwa chumba cha giza. Filamu haikuwepo. Kila picha ilihitaji kioo kilichopakwa kolodioni, dawa nzito inayonata, kisha kikatumbukizwa katika nitrati ya fedha ili kishike mwanga. Kioo hicho kilitakiwa kipigiwe picha na kusafishwa kikiwa bado kimelowa. Ukichelewa dakika kumi tu, dawa inakauka na kazi yote inapotea. Ndani ya gari joto lilikuwa la tanuri, na kwa mbali Warusi walikiona kitu kikubwa chenye rangi hafifu, wakakilenga. Ndiyo maana hakuna mapigano kwenye picha zake. Lenzi ilibaki wazi kwa sekunde kadhaa, na chochote kilichokimbia hakikuacha hata kivuli.

Kwa miaka mingi wataalamu walibishana. Mwaka 2003 mwandishi wa Marekani Susan Sontag alisema waziwazi kwamba Fenton alisimamia utawanyaji wa matufe kabla ya kupiga picha ya pili. Mtengenezaji wa filamu Errol Morris aliposoma hivyo alijiuliza swali moja tu: amejuaje? Mwaka 2007 akaanza kuwasaka wataalamu wa kazi za Fenton. Wengine walisema matufe yalianza barabarani, wengine mtaroni, na kila mmoja alikuwa na hoja yake kuhusu tabia ya Fenton, yaani jinsi mtu wa aina yake angefanya au asingefanya. Morris hakuridhika na hoja za tabia. Akasafiri hadi Crimea, akalitafuta bonde lenyewe, akapima vivuli na pembe ya jua. Hata vivuli havikutoa jibu.

Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipatazama. Mhandisi wa mambo ya lenzi, Dennis Purcell, alizilinganisha picha mbili kwa makini akiacha matufe na kuangalia mawe madogo kwenye mteremko ulio kando ya barabara. Mawe kadhaa hayakuwa mahali pamoja katika picha zote mbili. Yalipewa hata majina ya watu, Fred, Marmaduke na wenzao, ili yasichanganywe. Katika picha yenye barabara tupu, mawe hayo yako juu kidogo. Katika picha yenye matufe barabarani, yameshuka. Mtu alipita mteremkoni akayagusa kwa mguu, yakaporomoka. Na jiwe lililopigwa teke mteremkoni huenda chini, haliendi juu. Kwa hiyo barabara tupu ndiyo iliyotangulia, na matufe yaliwekwa baadaye. Sontag alikuwa sahihi kuhusu mpangilio wa picha, hata kama hakuwa na ushahidi huo.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba Fenton hakuyaona mawe hayo. Hakuyapanga, hakuyahesabu, wala hayakumhusu. Kioo chake kiliyaandika tu pamoja na kila kitu kingine, na zaidi ya miaka 150 baadaye yakaja kutoa ushahidi dhidi yake. Mchoraji angeweza kuyaacha nje.

Lakini je, alidanganya? Hapa ndipo wengi wanapoharakisha mno. Siku iliyofuata Fenton alimwandikia mkewe barua. Anaeleza kwamba chini bondeni matufe yalikuwa yamejaa kama mto, huwezi kutembea bila kuyakanyaga. Alitaka kupiga picha mbele zaidi, ila makombora yalikuwa yakitua palepale alipopachagua, ikabidi arudi nyuma yadi 100 hivi, kama mita 90, shingo upande. Tufe moja lilikuja likidundadunda, likatulia miguuni pake. Akaliokota na kulitia garini ili ampelekee mkewe zawadi. Yeye na wasaidizi wake walikaa hapo saa moja na nusu, wakapata picha mbili nzuri.

Ukisoma barua hiyo, mimi naona picha ya kwanza ni kweli ya mahali aliposimama, na ya pili ni kweli ya mahali alipokatazwa kufika. Matufe hayakuwa barabarani pale, lakini mita 90 mbele yalikuwepo kwa wingi kupita hayo. Sitetei kitendo chenyewe. Mhariri wa gazeti la leo angemfukuza kazi mpiga picha wake kwa jambo kama hilo. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kusogeza chuma na kusogeza maiti. Mwaka 1863, baada ya mapigano ya Gettysburg nchini Marekani, Alexander Gardner na wenzake waliuhamisha mwili wa askari wa majimbo ya Kusini makumi ya mita hadi penye miamba, wakamwegeshea bunduki, kisha wakamwita mdunguaji aliyefia kwenye maficho yake. Hilo halikuwa limetokea popote.

Nani hasa aliyebeba matufe? Fenton mwenyewe, wasaidizi wake au askari waliopita, mawe hayasemi.

Aliporudi London, picha zake za Crimea zilionyeshwa Septemba 1855. Baadaye alipiga makanisa, mandhari ya mito, na meza zilizopangwa matunda na maua kwa ustadi wa mchoraji, kwani uchoraji ndio aliosomea ujanani. Kisha yakaja maonyesho makubwa ya kimataifa ya London ya 1862. Waandaaji walipanga kuweka picha za kamera katika kundi la mashine na zana, mbali na sanaa, na wapiga picha wakaja juu. Mwaka huohuo Fenton aliuza kamera na vioo vyake, akarudi kwenye kazi yake ya zamani ya uanasheria.