Kodi ya mafuta: gawanya bei kwa 1.16 kwanza

Ukitaka kujua serikali ya Kenya inachukua ngapi kwenye lita ya petroli, anza na VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Hiyo hukokotolewa mwisho, juu ya kila kitu kilichotangulia, tozo zikiwemo. Tuseme lita ni shilingi 180. VAT ikiwa asilimia 16, gawanya kwa 1.16 upate 155.17, zile 24.83 zilizosalia ni VAT. Sasa ongeza ushuru wa bidhaa, 21.95, tozo ya barabara, 25, na ile ya ustawishaji wa petroli, 5.40. Tayari ni shilingi 77, na hatujagusa tozo ya reli wala ada ya uagizaji.

Hesabu hii ilionekana wazi Julai 1, 2023, Sheria ya Fedha ilipopandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Petroli Nairobi ilikuwa 182.04. Igawanye kwa 1.08, zidisha kwa 1.16, unapata 195.52, senti moja tu chini ya 195.53 iliyotangazwa na EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta. Petroli ilipanda 13.49, dizeli 12.39, mafuta taa 11.96.

Kisiasa, 2024 ina funzo zito zaidi. Muda mfupi baada ya Mswada wa Fedha kuangushwa na maandamano ya vijana, tozo ya barabara ilitoka 18 hadi 25. Hii haikuhitaji mswada. Waziri huipanga kwa agizo linalochapishwa kwenye gazeti rasmi. Shilingi ilikuwa imepata nguvu dhidi ya dola na gharama ya kuagiza imeshuka, kwa hiyo bei ya Julai ilishuka shilingi moja. Mwendesha boda wa Kondele, Kisumu, aliona nafuu hiyo ndogo. Zile 7 za tozo, ambazo pamoja na VAT ni 8.12, hakuziona, ilhali zilikuwa haki yake. Kodi ya mafuta hupandishwa kwa utulivu zaidi mwezi ambao soko linashusha bei.

Sasa nauli. Matatu ya abiria 14, Kisumu hadi Kakamega, tukadirie lita 5 za dizeli. Lile ongezeko la 12.39 la 2023 ni shilingi 62 kwa safari, yaani chini ya shilingi 5 kwa kila abiria. Nauli ikiruka kwa 50, kodi pekee haielezi. Ni kweli usafiri wa abiria hautozwi VAT, hivyo mwenye gari hana pa kuidai ile aliyolipia dizeli, na tairi na spea nazo huletwa na malori yanayokunywa dizeli hiyohiyo. Lakini dizeli ikishuka, hiyo 50 hairudi. Wanasacco, yaani wenye matatu, waulizwe hesabu yao kwa lita.

Anayeumia zaidi ni mnunuzi wa mafuta taa. Yalipokuwa na kodi ndogo, wauzaji waliyachanganya na dizeli, na 2018 ikawekwa tozo ya shilingi 18 kwa lita kuzuia udanganyifu huo. Mama wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, anayejaza stovu kwa chupa hajawahi kuchanganya chochote, na bado anailipa.