Dereva akipoteza fahamu, nani anashika usukani?

Wazazi wanaompeleka mtoto uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) kwenda masomoni nje huniuliza swali moja kliniki hapa Moshi: rubani moyo ukisimama huko juu, si wote wanakufa? Sijawahi kusikia mmoja wao akiuliza kuhusu dereva wa Noah, gari dogo la abiria, aliyewaleta asubuhi hiyo kutoka Arusha. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, napima pia afya za madereva, na hofu yangu iko barabarani zaidi kuliko angani.

Marubani huugua kazini, hilo ni kweli, na wapo waliofia kitini. Juni 2009 nahodha wa ndege ya Continental alifariki juu ya Atlantiki, safari ya Brussels kwenda Newark, na ndege ikatua salama. Oktoba 2024 nahodha wa Turkish Airlines alifariki wakitoka Seattle kwenda Istanbul. Mwenzake akaishusha ndege New York. Ndege kubwa ya abiria ina marubani wawili, na kila mmoja anaweza kuirusha na kuitua peke yake. Wamefundishwa pia kwamba mwenzako ukimsemesha mara mbili kwa utaratibu asijibu inavyopaswa, unachukua ndege, hata kama yeye ndiye mkubwa wako. Kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wanapimwa afya kila miezi 12, wakivuka miaka 60 kila miezi 6, na wakifika 65 basi. Kinachowaangusha mara nyingi si moyo, ni tumbo. Ndiyo maana mashirika mengi hayataki marubani wawili wale chakula kimoja.

Utaratibu huo wa kumchukulia mwenzako ndege ulinunuliwa kwa damu. Tarehe 18 Juni 1972 ndege aina ya Trident ya shirika la BEA la Uingereza ilianguka Staines, dakika chache baada ya kuondoka Heathrow, wakafa watu wote 118. Uchunguzi wa mwili wa nahodha ulionyesha ugonjwa mkubwa wa moyo, na wachunguzi wakautaja miongoni mwa sababu. Kisa hicho nawasimulia madaktari vijana, maana kinafundisha jambo ambalo watu hawalifikirii: mgonjwa si lazima aanguke. Anaweza kubaki ameketi, macho wazi, mikono kwenye usukani, huku akili yake imeshapungua. Aliyezimia kila mtu anamwona. Huyu wa pili ndiye wa hatari.

Ndege ndogo zina hesabu tofauti. Pale Kisongo, uwanja wa Arusha, utaona Cessna Caravan zikipakia watu kwenda Serengeti. Caravan inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja. Kanuni za kimataifa zinambana huyo wa peke yake zaidi: anapobeba abiria kibiashara ukomo ni miaka 60, na akivuka 40 anapimwa kila miezi 6. Mei 2022, huko Florida, rubani wa Caravan alipoteza fahamu na abiria asiye rubani akaitua Palm Beach, akielekezwa kwa redio na mwongoza ndege. Nalifurahia tukio lile, ila mtu asipange safari kwa kulitegemea. Ukikata tiketi ya ndege ndogo, uliza kama kuna marubani wawili. Ni swali halali, na kampuni makini haikasiriki.

Sasa turudi barabarani. Moshi hadi Arusha ni kilometa kama 80, na Noah au Hiace ina mtu mmoja tu anayejua kuiendesha kwa kazi hiyo. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia sekunde nne, limekwenda karibu mita 90 bila mwenyewe. Pale Usa River au Kikatiti, ndani ya mita 90 kuna watoto wa shule wanaovuka, bodaboda na akina mama wa ndizi.

Ninachokiogopa kwa madereva wetu kuliko mshtuko wa moyo ni usingizi. Mwili una saa zake, na usingizi hushuka kwa nguvu kati ya saa nane usiku na alfajiri, kisha tena mchana saa nane hadi saa kumi, hata kama hujala ugali wa kushiba. Dereva aliyelala kwa muda wa saa nne tu hawezi kuushinda kwa kufungua dirisha na muziki mkubwa. Wapo wanaotafuna mirungi au kunywa vinywaji vya kuongeza nguvu. Hivyo vinaahirisha tu usingizi, na siku vikiisha nguvu unakuja na deni lake lote. Halafu kuna wale wanaokoroma sana na kukatika pumzi usiku. Mtu huyo analala kwa muda wa saa nane kamili na kuamka amechoka, kwa sababu ubongo wake umeamshwa mara nyingi sana usiku kucha bila yeye kujua. Wengi ni wanene, shingo nene, presha haishuki hata kwa dawa tatu. Ukimkuta dereva wa namna hii, dawa ya nne ya presha haitamsaidia kama hujamuuliza analalaje.

Kinachofuata ni sukari. Dereva ana kisukari, anatumia insulini au glibenklamidi, anameza kidonge saa kumi alfajiri stendi akiwahi safari ya Dar, na chakula atakiona Korogwe. Kidonge hakimsubiri. Sukari inashuka, anatoka jasho, mikono inatetemeka, kisha anaanza kujibu ovyo na kupita vituo. Abiria wanadhani amelewa. Mimi wagonjwa wangu wa aina hii nawaambia wapime kabla ya kuwasha gari, ikiwa chini ya 5 (mmol/L) wale kwanza, na soda yenye sukari ikae mahali mkono unafika. Wengine nawabadilishia dawa kabisa, maana zipo zisizoshusha sukari kiasi hicho.

Kifafa, mapigo ya moyo yanayoruka na kiharusi ni nadra zaidi, lakini navyo mara nyingi hutanguliwa na ishara. Kizunguzungu kilichompata akiwa shambani. Kuzimia mara moja msibani. Ganzi ya mkono iliyokuja ikaondoka. Na hapa ndipo roho inaniuma: ishara hizo dereva anazijua, ila hasemi. Desemba 2014 jijini Glasgow dereva wa lori la taka alipoteza fahamu na watu sita wakauawa. Uchunguzi ulibaini kwamba mwaka 2010 alishawahi kuzimia kwenye usukani wa basi, na hakuwaeleza ukweli madaktari wala waajiri. Huku kwetu dereva ananiambia, "Daktari, ukiandika hilo watoto wangu watakula nini?" Kipimo cha presha na macho hakimfichui mtu huyo. Kinachomfichua ni maelezo yake, na hatayatoa kama kusema ni sawa na kufukuzwa.

Kwa hiyo nawasihi wenye magari. Mpe dereva miezi ya matibabu huku akisimamia mizigo au tiketi, alipwe. Wengi hurudi barabarani: presha inatulia, moyo unawekewa betri ya kurekebisha mapigo, usingizi unatibika. Mwenye kifafa ni habari nyingine. Basi la abiria si kazi yake, na hilo nalisema wazi, lakini lazima apewe kazi nyingine.

Abiria wa mbele naye ana kazi. Dereva akilegea, shika usukani uwe umenyooka, usiukate ghafla. Mwenzako autoe mguu wa dereva kwenye mafuta. Gari la otomatiki weka nyutro. Usichomoe ufunguo, usukani unaweza kujifunga. Breki ya mkono, kama ipo unapoifikia, ivute kidogo kidogo. Kwenye basi kubwa breki hiyo ni ya upepo na konda anapaswa kufundishwa ilipo na inavyofanya kazi, kabla ya safari yake ya kwanza. Gari likisimama, washa hazadi, mtoe dereva alale chali chini. Hapumui wala hajibu: bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike. Anaweza kumeza na anaongea ovyo: mpe soda.

Na wewe dereva unayesoma hapa, ukija kupimwa njoo na mkeo. Unavyokoroma usiku, anayejua ni yeye.