Wati elfu kumi za kwenye boksi

Watu wengi bado wanaamini redio yenye wati nyingi ndo inapiga mziki mkubwa, yani mtu anafika Kariakoo anaona boksi limeandikwa PMPO 10,000W (PMPO ni nguvu ya kilele, ya kufumba na kufumbua tu) anatoa hela. Sasa hebu igeuze hiyo sabufa, pale nyuma waya wa umeme unapoingia unaweza kukuta kibandiko kinasema 60W, na haiwezi kutoa nguvu mfululizo kuzidi ile inayovuta ukutani, hizo elfu kumi ni za kuuzia tu (pasi yenyewe inakula kama 1,000W jamani). Uliza RMS, yani nguvu inayoweza kutoa mfululizo. Na hata hiyo RMS ikitoka 20W ikawa 40W sauti inaongezeka desibeli 3 tu, tofauti ndogo, kwa hiyo kama ni chumba kimoja bora hela iende kwenye spika za boksi la mbao zito, siyo plastiki inayotetemeka besi ikipanda.