Soda zikipungua baada ya kodi, ni kodi ndo imepunguza?

Kuna imani ya miaka mingi kwamba nchi ikiweka kodi ya soda halafu mauzo yakashuka, basi kazi yote ni ya kodi. Inaingia akilini kabisa. Ila cheki Meksiko, kodi ya peso 1 kwa lita ilianza Januari 2014 na mwezi huohuo ikaanza nyingine ya 8% kwenye chipsi, pipi na vyakula vya kalori nyingi, sasa utajuaje ipi imefanya nini. Uingereza ndo kiboko, kodi ya soda zenye sukari nyingi ilitangazwa 2016 ikaja kuanza Aprili 2018, kumbe hapo katikati viwanda vingi vilishapunguza sukari kwenye soda ili viikwepe, kwahiyo ukipima kabla na baada ya 2018 tu unaweza ukasema haijafanya kitu wakati kazi ilishafanyika zamani.

Ukiona takwimu za hivi uliza mauzo yalikuwa yanaelekea wapi miaka ya nyuma, na kwa jirani asiye na kodi ilikuwaje. Alafu mauzo ya soda kushuka sio lazima unene umepungua, mtu anaacha soda anahamia chai ya vijiko vinne vya sukari (namjua mmoja, ni mimi).